Somo la Tisa: Kijana Huvuka Lini? Ujana katika Michezo ya Redio na Televisheni



Maneno haya yalisemwa redioni, na sasa yamepigwa chapa ili wewe na wenzako wa darasa mpate kuyasoma polepole. Ikiwa katika kundi lenu yuko mtu ambaye bado hasomi vizuri, mmoja wenu asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika mahali palipoandikwa "Tueni hapa," acheni kusoma, mzungumze kidogo, kisha mwendelee.

Leo twasoma historia. Lakini si historia ya vita wala ya watawala. Ni historia ya jambo ambalo huenda limo nyumbani mwako. Yuko kijana aliyekwisha kufika umri wa kuwa na nyumba yake, mke wake au mume wake, na shamba lake au kazi yake. Naye bado yuko kwa wazazi wake. Watu humwita "kula kulala." Jina hilo ni la dharau, nasi twalisikia nyumbani, kijiweni, na tena jioni tunapokaa mbele ya televisheni kutazama tamthilia.

Basi swali letu ni hili: Kijana huyu amekataa kukua, au amezuiwa kukua? Michezo ya redio na televisheni ina jibu lake. Historia nayo ina jibu lake. Leo tutayaweka majibu hayo mawili kwenye mizani.

1. KUVUKA NI NINI?

Mtu hawi mtu mzima kwa siku moja. Ni kama kuvuka mto. Kuna ukingo wa utoto, kuna maji katikati, na kuna ukingo wa pili. Maji ya katikati ndiyo ujana.

Sheria zetu zina hesabu zaidi ya moja. Mtu akitimiza miaka 18 aweza kupiga kura. Lakini sera ya taifa ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 yasema kwamba kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo iliweka umri wa mwanamume kuoa kuwa miaka 18, bali msichana iliruhusu aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Jambo hilo lilipelekwa mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubali vivyo hivyo.

Waona, msomaji, hesabu hizi hazilingani. Mtu wa miaka 30 ni mtu mzima kwa sanduku la kura, lakini ni kijana kwa sera. Na kwa macho ya majirani hutazamwa kwa namna ya tatu. Jirani hamwulizi umri wake. Humwuliza, "Umeoa? Una kwako?" Hiyo ndiyo hesabu ambayo michezo ya televisheni huifuata.

2. ZAMANI KIJANA ALINGOJA, LAKINI ALIJUA MWISHO

Wako wazee wanaosema, "Zamani hapakuwa na mambo haya. Kijana alioa mapema." Maneno hayo yana ukweli kidogo, wala si ukweli wote. Kungoja kulikuwako zamani.

Tuwatazame jirani zetu Wamaasai wa Simanjiro na Kiteto. Kijana wa Kimaasai akitahiriwa aliingia umorani. Hakuruhusiwa kuoa mara moja. Alikaa morani kwa miaka mingi pamoja na rika lake, akilinda mifugo na nchi. Kisha ikafika sherehe kubwa ya eunoto, na nywele zake ndefu zikanyolewa. Baada ya hapo njia ya kuoa na kuwa mzee ilikuwa wazi. Rika jipya lilifuata, yapata miaka 15 baada ya lile la kwanza. Basi morani alingoja, tena alingoja sana. Lakini hakungoja peke yake, wala hakungoja bila kujua mwisho. Jamii nzima ilijua ni lini atavuka, na siku hiyo ilipofika walimvusha kwa ngoma na kwa nyama.

Tuwatazame sasa Wairaqw. Tangu mwisho wa karne ya 19, na hasa katika karne ya 20, walitoka katika nyanda zao za juu za Mbulu, wakasambaa kuelekea Karatu, Babati na Hanang. Ardhi ya nyumbani ilipojaa, kijana alitafuta ardhi mpya. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vyenye mbung'o katika wilaya ya Mbulu, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na nchi yetu hii ya Babati, na watu wakapata mahali pengine pa kulima na kuchunga. Kijana mwenye jembe na nguvu aliweza kujenga nyumba yake. Shamba jipya lilimfanya mtu mzima.

Lakini tusisifu mno mambo ya kale. Mahali pengi mahari ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee. Mzee mwenye zizi kubwa aliweza kuoa mke wa pili na wa tatu, huku mtoto wake akiambiwa, "Ngoja." Na wasichana hawakuambiwa wangoje, waliharakishwa. Mvulana alicheleweshwa mtoni, msichana akasukumwa avuke kabla ya wakati wake. Kumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Tueni hapa. Zungumzeni: Katika kabila lenu, ni jambo gani lilionyesha kwamba kijana sasa ni mtu mzima? Nani alikuwa na amri ya kusema hivyo?

3. MLANGO ULIPOFUNGUKA

Michezo ya kuigiza kwa Kiswahili ilianza zamani kumtazama kijana anayetafuta maisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 filamu kadhaa za Kiswahili zilitengenezwa hapa Tanganyika. Moja iliitwa "Muhogo Mchungu." Ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam bila kuujua mji. Watu wa mjini walimcheka mshamba, na watazamaji nao wakacheka pamoja nao.

Aliyeigiza katika filamu hiyo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa. Alizaliwa mwaka 1926, basi wakati ule alikuwa kijana. Mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwezi wa Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Hebu simama hapo, msomaji. Miaka 35 ndiyo mwisho wa ujana kwa sera ya leo. Kawawa katika umri huo alikuwa ameshika serikali. Je, vijana wa wakati ule walikuwa na bidii kuliko wa leo? Bidii walikuwa nayo, hapana shaka. Lakini palikuwa na jambo lingine. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, viti vilivyokuwa vimekaliwa na wageni vilianza kuwa wazi. Walihitajika makarani, walimu, mabwana shamba, waganga, mahakimu na wakuu wa wilaya. Waliosoma walikuwa wachache na kazi zilikuwa nyingi. Kijana aliyemaliza shule aliitwa kazini. Akapata mshahara, akaoa, akajenga. Alivuka upesi kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Basi hiyo ndiyo nguzo ya somo letu: upesi wa kuvuka hautegemei miguu ya kijana peke yake. Wategemea na mlango pia.

4. MLANGO ULIPOJAA WATU

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 Tanzania ilikuwa na watu yapata milioni 12.3. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa milioni 61.7. Yaani mahali pa mtu mmoja sasa wako watu watano. Ardhi haikuongezeka mara tano. Shamba ambalo babu alilima peke yake limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Kijana wa Dareda au wa Galapo leo hana tena kichaka cha kufyeka ili awe mtu mzima.

Shule nazo ziliongezeka, na hilo ni jambo jema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 elimu ya msingi ilipelekwa kwa watoto wote. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi iliondolewa. Baadaye zikajengwa shule za sekondari za kata, na tangu mwaka 2016 ada ya shule za serikali ikaondolewa hadi kidato cha nne. Lakini kazi za mshahara hazikuongezeka kwa mwendo huo. Katika miaka ya 1980 na 1990 uchumi ulidhoofika, serikali ikafuata masharti ya wakopeshaji wa nje, na wafanyakazi wengi wakapunguzwa. Cheti ambacho mwaka 1962 kilikuwa ufunguo, sasa kilikuwa karatasi iliyo mikononi mwa watu wengi.

Kijana akaondoka kwenda mjini. Na mara nyingi serikali ilimwona kama mtoro. Katika miaka ya 1970 kampuni ya filamu ya taifa ilitoa filamu iitwayo "Fimbo ya Mnyonge." Ilimwonyesha mkulima aliyekimbilia mjini kutafuta maisha, asiyapate, kisha akayakuta katika kijiji cha ujamaa. Mwaka 1983 ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi. Watu waliokutwa mjini bila kazi inayotambuliwa walikamatwa na kurudishwa vijijini. Filamu na sheria zilisema jambo moja: mahali pa kijana ni shambani, na asiyekuwa shambani amekosa. Lakini filamu hiyo ilimwonyesha walau mahali pa kwenda. Alipotoka mjini alikuwa na kijiji kilichomngoja.

5. REDIO: MTU MZIMA NI MWENDO

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa mfululizo ulioitwa "Twende na Wakati." Wengi wenu mwaukumbuka. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori la safari ndefu. Mkwaju alikuwa na mke, Tunu, na watoto. Alikuwa na kazi na mshahara. Kwa hesabu ya jirani alikwisha kuvuka zamani. Lakini alikunywa, akatafuta wanawake njiani, akaiacha nyumba yake bila matunzo. Mwisho alipata ukimwi akafa. Tunu naye alianza biashara yake mwenyewe ili kulea watoto.

Mchezo huu ulifundisha jambo kubwa. Ulisema kwamba mke, kazi na watoto havitoshi kumfanya mtu kuwa mtu mzima. Mtu mzima hujulikana kwa mwendo wake. Tunu, aliyetegemea mume, ndiye aliyekua mbele ya masikio yetu. Mkwaju, mwenye kila kitu, alibaki mtoto mpaka kaburini.

Hayo ni mafundisho mema, nasi twashukuru. Lakini tazama vema. Ikiwa utu uzima ni mwendo tu, basi asiyevuka ana mwendo mbaya. Katika redio mlango haukutajwa sana. Walitajwa watu na tabia zao. Na desturi hiyo ndiyo iliyoingia pia katika televisheni.

Tueni hapa. Zungumzeni: Je, mwamjua mtu mwenye nyumba na watoto ambaye mwendo wake si wa mtu mzima? Na je, mwamjua asiye na nyumba ambaye mwendo wake ni wa mtu mzima?

6. TELEVISHENI: MCHEZO USIOTAKA KIJANA AKUE

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Sisi wa bara tulikaa miaka mingi bila televisheni yetu. Ilikuwa mwaka 1994 ndipo ITV ilipoanza Dar es Salaam, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo ya kundi la Kaole ilitazamwa na watu wengi sana. Mwenye televisheni alipata wageni kila juma walipoonyesha mchezo. Leo twaona tamthilia nyumbani kwa king'amuzi, hotelini tunapokunywa chai, katika kibanda umiza, na hata katika simu.

Katika tamthilia hizi kijana aliyekwama huonekana kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni kijana wa kuchekesha. Anaamka saa nne. Anakopa kwa mangi wala halipi. Anamdanganya msichana kwamba nguo za kuazima ni zake. Baba yake anamfokea, nasi twacheka.

Sura ya pili ni kijana mwenye haraka. Hataki kungoja, anatafuta njia ya mkato. Anaiba, au anaendea mganga, au anapendana na mtu mwenye fedha anayeweza kumzaa. Mwisho wake ni aibu au kifo.

Sura ya tatu ni kijana wa bahati. Anagundua kwamba baba yake wa kweli ni tajiri, au anapendwa na binti wa mwenye kampuni. Anavuka kwa muujiza.

Tuziweke sura hizo pamoja. Wa kwanza hakuvuka kwa uvivu wake. Wa pili alizama kwa tamaa yake. Wa tatu alivushwa na bahati. Katika zote tatu, hakuna aliyekwama kwa sababu shamba limegawanyika, au bei imeanguka, au ajira ni chache. Mlango hauonekani.

Zipo tamthilia zilizojitahidi zaidi. Mwaka 2012 ilianza "Siri ya Mtungi," iliyomwonyesha Cheche, kijana mpigapicha anayeanza maisha, pamoja na mkewe Cheusi. Karibu naye yuko mkwewe. Huyu ana familia mbili za kulisha, naye bado anatamani mke wa tatu. Hapo mtazamaji mwenye macho huona jambo lile lile la zizi la zamani. Kijana anahangaika kusimamisha nyumba moja, na mzee ahesabu ya tatu. Mchezo huo haukumweka kijana peke yake mbele ya hukumu. Ulimweka na mkwewe pia.

Sasa twende kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2006 televisheni ya Citizen ilianza "Tahidi High," mchezo wa wanafunzi wa sekondari. Ulidumu miaka mingi, na waigizaji wengi walikuwa watu wazima waliovaa sare za shule. Watazamaji walitania kwamba wanafunzi hawa hawamalizi shule. Utani huo una siri ndani yake. Mchezo wa mfululizo hautaki kijana akue. Akimaliza shule, akioa, akihamia kwake, mchezo umekwisha. Ngano za bibi zetu zilimpeleka kijana porini, akashinda majitu, akaoa, wakaishi raha mustarehe. Arusi ilikuwa mwisho. Tamthilia ya televisheni yauza siku ya kesho. Kwa hiyo arusi huvunjika, posa hukataliwa, barua hupotea, na kijana hubaki katikati ya mto juma baada ya juma.

Jambo hili si la Afrika tu. Mwaka ule ule wa 1994 ITV ilipoanza kwetu, Marekani ilianza mchezo wa kuchekesha ulioitwa "Friends." Ulikuwa juu ya marafiki sita wa New York waliokuwa wakihangaika na kazi, pango na mapenzi. Ulidumu miaka 10. Uliisha mwaka 2004, siku waliporudisha funguo za nyumba ya kupanga na kwenda zao. Mradi walingoja, mchezo uliendelea, walipovuka, ulikwisha. Lakini iko tofauti. Katika mchezo ule kungoja kulikuwa kutamu: kahawa ipo, rafiki wapo, hapana baba anayesimama mlangoni akifoka. Katika tamthilia zetu kungoja ni aibu. Na aibu hiyo haibaki ndani ya televisheni. Mchezo ukiisha, mama humgeukia mwanawe aliyeketi pale pale na kumwambia, "Umejiona?"

7. JAMBO LISILOONYESHWA

Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Wilaya ya Babati yajulikana kwa mbaazi. Mbaazi nyingi za Tanzania zilikuwa zikiuzwa India. Mwaka 2017 serikali ya India iliweka mipaka juu ya mbaazi za kutoka nje ili kulinda wakulima wake. Bei hapa kwetu ikaanguka vibaya, na wakulima wengine wakakosa hata mnunuzi. Mfikirie kijana wa Bonga au Magugu aliyekuwa amepanda mbaazi akitumaini kununua mabati ya nyumba yake, au kumaliza mahari. Alilima, akapalilia, akavuna. Mwendo wake ulikuwa mwema. Lakini mwaka ule hakujenga wala hakuoa. Mlango wake ulifungwa na watu asiowajua, ng'ambo ya bahari.

Je, ni tamthilia ngapi zimekuonyesha kijana huyo? Jioni ile ile, katika televisheni, alionyeshwa kijana mwingine, yule anayelala hadi saa nne. Na majirani wakamtazama kijana wa mbaazi kwa macho ya tamthilia.

Au wafikirie vijana wa bodaboda katika stendi yetu ya Babati. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine na kupeleka hesabu kila siku. Wanaamka kabla ya jogoo. Wengine wamepanga chumba kimoja, "geto," na humo wanaishi wawili au watatu. Wengine wamekwenda Mererani kuwa wanaapolo, kuingia chini ya ardhi kutafuta tanzanaiti. Hawa si watu waliokataa kukua. Wako majini, wanapiga mbizi, wanautafuta ukingo.

Na msichana je? Nilisema tutamrudia. Katika tamthilia nyingi msichana huvuka kwa njia moja tu, arusi. Mchezo huuliza nani atamwoa. Mara chache huuliza atafanya kazi gani, atamiliki nini. Akiwa na miaka 27 na hana mume, huonyeshwa kama aliyechelewa, hata akiwa na duka lake na kusomesha wadogo zake. Mvulana hucheleweshwa na umaskini, msichana huharakishwa na umaskini ule ule, kwa kuwa mahari ya binti huonekana kuwa msaada wa haraka nyumbani. Ni mto mmoja. Ubaya wake una pande mbili.

8. TUFANYE NINI?

Sisemi kwamba tuache kutazama tamthilia. Tamthilia ni ngano yetu ya jioni, nayo yatufundisha mengi. Sisemi pia kwamba wavivu hawapo. Wapo, na walikuwapo hata zamani. Nasema tutazame kwa macho mawili. Jicho moja litazame kijana. La pili litazame mlango.

Mkitazama mchezo wowote, jiulizeni maswali matatu. Kwanza, kijana huyu anangoja nini? Ardhi, kazi, mahari, au ruhusa ya mzee? Pili, nani anacho kitu hicho mkononi? Tatu, mchezo huu wamlaumu nani? Ikiwa anayelaumiwa si yule aliyeshika ufunguo, hapo mchezo haukusema ukweli wote.

Kisha yaleteni maswali hayo nyumbani. Yako milango ambayo sisi wazazi hatuwezi kuifungua. Bei ya mbaazi haimo mikononi mwetu. Lakini yako mingine ambayo funguo zake zimo mifukoni mwetu. Mzazi aweza kumwonyesha kijana, mbele ya mashahidi, sehemu ya shamba ambayo ni yake, naye akajua ajenge wapi. Mwanamke kwa mwanamume, wote wana haki ya kuonyeshwa. Ukoo waweza kupunguza mahari, au kukubali ilipwe kidogo kidogo huku vijana wakiishi kwao. Kikao cha familia chaweza kumpa kijana wa miaka 28 nafasi ya kusema, wala kisimtume tu kuleta viti. Mzazi mwenye binti aweza kumwacha amalize masomo au kazi yake kabla ya kumwuliza habari za posa.

Kumbukeni yule morani. Alikaa miaka mingi bila kuoa, wala hakuna aliyemwita kula kulala. Alikuwa na jina la heshima, alikuwa na kazi ya kufanyia jamii, na aliijua siku ya kunyolewa. Vijana wetu wa leo wanangoja kama yeye, pengine zaidi. Walichokosa ni jina la heshima na siku inayojulikana. Ng'ombe na mashamba huenda hatuna ya kuwatosha wote. Heshima tunayo, nayo haipungui kwa kugawanywa.

Hapa ndipo mwisho wa somo letu la tisa. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Tamthilia: mchezo wa kuigiza, hasa ule wa mfululizo.
Rika: watu wa umri mmoja au waliotahiriwa wakati mmoja.
Posa: maombi rasmi ya kutaka kuoa.
Sera: mpango wa serikali unaoongoza kazi zake.
Kukwama: kushindwa kwenda mbele wala kurudi nyuma.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini vijana wengi waliosoma walipata kazi upesi baada ya mwaka 1961?
2. Taja mambo mawili yaliyofanya mlango ujae watu baada ya hapo.
3. Morani alingoja kuoa, na kijana wa leo anangoja. Kungoja kwao kunatofautianaje?
4. Kwa nini mchezo wa mfululizo hautaki kijana avuke upesi?
5. Chagueni tamthilia moja mliyoitazama juma hili. Kijana anangoja nini, na nani ameshika ufunguo?
6. Kila mmoja aandike sentensi tatu: katika nyumba yangu uko mlango gani ambao mimi naweza kuufungua?